Nywele za Remmy Ongala na Nyimbo Zake

Wako wanamuziki ambao watu huwatazama kwanza, ndipo huwasikiliza. Huko Japani, miaka ya 1980, bendi iitwayo X ilijulikana kwa nyuso zilizopakwa rangi na nywele zilizosimama wima. Miaka hiyo hiyo Tanzania ilikuwa na Remmy Ongala.

Remmy alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Kindu, Kongo, nchi iliyo jirani nasi wa Kasulu na Kibondo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Yasemekana alizaliwa na meno mawili, na mganga akamwagiza mama yake asimnyoe. Hivyo nywele zake ndefu zilizosokotwa hazikuwa pambo la jukwaani tu. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kupigia Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila.

Wenzangu bwenini huzitaja nywele. Mimi naona yafaa tuyataje maneno. Katika "Kifo" aliomboleza jinsi mauti yanavyotutenga na wapendwa wetu. Katika "Mambo kwa Soksi" aliwahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa mipira, wakati wengi waliona haya kulitamka jambo hilo. Radio Tanzania ilikataa kuupiga, lakini watu waliujua.

Baadaye aliokoka, akakata nywele, akaimba nyimbo za dini. Alifariki mwaka 2010. Nyimbo zake bado zapigwa, nasi vijana tunayahitaji maneno yale kuliko mtindo wa nywele. Basi, ndugu msomaji, ukizisikia, tafadhali nyamaza kidogo uzisikilize.