HERUFI MOJA TU, DOLA MILIONI!

Hebu vuta picha. Umesimamishiwa magari mawili mbele yako. Yote ni Plymouth 'Cuda ya mwaka 1971, yote ya paa la kukunja, rangi ileile, viti vilevile, na yakiwashwa vioo vya jirani vinatikisika. Moja mwenye nalo akiliuza wajukuu zake hawatafanya kazi. La pili mwenye nalo anaambiwa, "Kaka, ndinga imependeza," basi, yameisha hayo.

Sitanii. Mwaka 2014, kwenye mnada wa kampuni ya Mecum mjini Seattle, 'Cuda moja ya namna hiyo ilikwenda kwa dola milioni 3.5. Hilo pacha lake lisingepata hata robo ya hizo. Na jicho lako, hata kama wewe ni fundi wa miaka thelathini, lisingeona tofauti kwa kuangalia rangi.

Kabla hatujafika mbali tuelewane ni michuma gani hii. Wamarekani wanayaita magari ya misuli. Ujanja wake ni rahisi: unachukua gari la kawaida la saizi ya kati, unalitia injini kubwa iliyokusudiwa gari kubwa, halafu unawauzia vijana kwa bei wanayoimudu. Wengi wanasema mchezo ulianza na Pontiac GTO ya mwaka 1964. Wakubwa wa General Motors walikuwa wamepiga marufuku injini kubwa kwenye magari ya saizi hiyo. Akina John DeLorean wa Pontiac wakapitia mlango wa nyuma: hawakuiita gari jipya, waliiita nyongeza tu ambayo mteja anaweza kuagiza. Mjini shule!

Miaka iliyofuata ikawa ni kuoneshana ubabe. Kule Detroit vijana walikuwa wakishindana usiku kwenye barabara ya Woodward, taa hadi taa. Chrysler wakatoa injini yao iitwayo Hemi, lita 7, nguvu za farasi 425 kwenye makaratasi. Halafu sherehe ikaisha ghafla. Bima za vijana zikapanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikaja, na mwaka 1973 Waarabu wakafunga mafuta. Hemi hiyo ya barabarani yenyewe ilikoma mwaka 1971.

Sasa sikia hili, maana ndipo utamu ulipo. Magari yanayogombewa leo ni yale ambayo enzi zake hayakuwa na mnunuzi. Hemi ilikuwa nyongeza ya dola zaidi ya 800, pesa ambayo kijana wa wakati ule aliiona kubwa mno. Ndiyo maana 'Cuda za Hemi zenye paa la kukunja za mwaka 1971 zilitengenezwa kama kumi na moja tu. Au chukua Chevrolet Camaro ZL1 ya mwaka 1969, yenye injini ya alumini. Zilitoka 69. Muuza magari mmoja wa Illinois aliagiza 50 peke yake, bei zilipokuja akakuta moja inauzwa zaidi ya dola 7,000, akashindwa kuziuza na nyingi zikarudishwa kiwandani. Leo mtu akiwa na moja analala nayo chumba kimoja.

Kitu kikishakuwa adimu, matapeli hawalali. Unatafuta 'Cuda ya kawaida, unatafuta injini ya Hemi kokote, unazioza, unapaka rangi. Mwili ni ule ule, injini ni ile ile. Kinachokuumbua ni namba.

Kwenye 'Cuda hizo za mwaka 1971, namba ya chesisi iko kwenye kibati juu ya dashibodi, na herufi ya tano ndiyo inayotaja injini. Ukikuta R, hiyo ilizaliwa na Hemi. Ukikuta herufi nyingine, basi Hemi uliyoiona chini ya boneti imehamia ukubwani. Chini ya boneti kuna kibati kingine chenye alama za kila kitu kilichoagizwa, na E74 ndiyo Hemi. Juu ya hapo, injini na giaboksi vimegongwa tarakimu za mwisho za chesisi. Vikilingana vyote, watu wanaanza kutoa jasho.

Chevrolet wao walituacha gizani. Chevelle SS ya mwaka 1970, namba yake ya chesisi itakwambia ni V8, lakini haitakwambia kama ni ile kali ya lita 7.4 au ya mtu wa kwenda kanisani. Kwa hiyo wanunuzi wanalala chini ya gari kutafuta karatasi ya kiwandani iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta. Karatasi! Imeliwa na panya, imeloa, ila inaweza kuwa na thamani kuliko injini.

Na wajanja wakajibu. Vibati vipya vinachongwa, karatasi zinachapwa upya na kuchovywa zionekane kuukuu, injini inasagwa namba ya zamani na kugongwa nyingine. Wataalamu nao wanatazama mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani: isipokuwepo, kuna mtu kapita hapo. Wanatazama pia tarehe iliyosubiwa kwenye chuma, maana injini haiwezi kuzaliwa baada ya gari lake. Kuchezea namba ya chesisi Marekani ni jela, lakini kwa mamilioni yale wapo wanaojaribu.

Mimi binafsi sina ugomvi na anayejenga pacha akasema wazi kuwa ni pacha. Linakwenda vilevile, na ukilikwaruza huzimii. Kinachonichekesha ni huu wazimu wa injini ya kuzaliwa nayo. Magari haya yaliundwa kukimbizwa mpaka injini zipasuke, na nyingi zilipasuka. Kwa hiyo lililotumika kama lilivyokusudiwa ndilo limeshuka thamani!

Gari ninalolipenda kuliko yote kwenye habari hizi ni Mustang ya kijani ambayo Steve McQueen aliiendesha kwenye filamu ya Bullitt ya mwaka 1968. Familia moja ililinunua mwaka 1974 kupitia tangazo la jarida, na mama wa nyumba akawa anakwenda nalo kazini. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akiomba arudishiwe kwa kulinunua. Hakupewa. Likafichwa miaka na miaka, likaja kuoneshwa Detroit Januari 2018, baada ya namba ya chesisi kuhakikiwa na vile vyuma vya kushikia kamera kukutwa bado vimechomelewa chini.

Hawakulipaka rangi. Hawakunyoosha bodi. Januari 2020 lilipandishwa jukwaani Florida na kutu yake, rangi imepauka, na ile barua ya McQueen ikiwa sehemu ya ushahidi. Nyundo iligongwa kwenye dola milioni 3.4, na ada za mnada zikalifikisha milioni 3.74.