Je, Wajua? Mlio wa Baiskeli Mpya

Baiskeli mpya ya milimani, yenye shokapu mbele na nyuma, ikianza kulia, fundi mzoefu hakimbilii maungio ya fremu. Huchomoa kwanza nguzo ya kiti. Chembe chache za mchanga hapo hutoa mlio unaosikika kana kwamba umetoka kwenye pedali!

Gia zinaruka baada ya safari chache? Si ubovu. Maganda ya waya yamejikaza mahali pake, waya ukalegea. Ukazwe kidogo tu.

Ukifungua pampu ya shokapu, ule mlio wa “psss” kwa kawaida ni upepo wa mpira wa pampu. Wa shokapu umebaki ndani. Wengi hujaza tena bure.

Na pedali ya kushoto hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Ikigoma ukiizungusha kinyume chake, usiongeze nguvu, geuza upande.