Mpira wa pikipiki hauwezi kazi mbili

Ndugu mfanyakazi, ukitoka Kalemie kwa pikipiki kufuata barabara ya Nyunzu, na mvua imelowesha udongo mwekundu, kumbuka hili: kila mpira unagusa ardhi mahali padogo kama kiganja chako tu. Ukifunga breki na kukata kona pamoja, nguvu hiyo ndogo inagawanyika, nawe unateleza. Punguza mwendo mapema, pikipiki ingali wima. Kisha achia breki, ndipo ukate kona polepole. Asubuhi kabla ya safari, pima upepo mipira ikiwa baridi, kwani ikipata joto kipimo kinapanda. Mpira uliokwisha meno hautupi maji wala matope: ubadilishe. Mama na watoto wanakungoja urudi mzima.