Mtoto Asiyeogopa Hasara

Askari polisi hujikuta mara nyingi wakimkamata mtoto yuleyule kwa kosa lilelile, ingawa ameonywa na hata kuadhibiwa. Wengi humwita sugu. Uchunguzi wa ubongo unaonyesha kuwa jambo hili ni zito kuliko neno hilo.

Mwaka 1994 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, akiwamo Antoine Bechara na Antonio Damasio, walieleza jaribio lao la karata. Mchezaji aliwekewa mafungu manne. Mawili yalimpa dola 100 za mchezo kwa kila karata, lakini faini zake zilikuwa kubwa, hata kila karata kumi zikamtia hasara ya dola 250. Mawili mengine yalitoa dola 50 tu, na kila karata kumi zikaleta faida ya dola 250. Watu wenye afya walipoteza mwanzoni, kisha wakayahama mafungu ya hasara. Wale walioumia ubongo wa mbele, juu ya macho, hawakuyahama, ijapokuwa akili zao kwa mambo mengine zilikuwa timamu.

Ubongo huo wa mbele ndio unaochelewa kukomaa. Mtoto anapobalehe, sehemu za ndani zinazochangamkia zawadi hutangulia kupata nguvu, ilhali breki zake huendelea kujengeka hadi baada ya umri wa miaka 20. Wenzake wakiwapo, mvuto wa hatari huzidi. Askari wa doria anayekuta kundi kijiweni usiku analijua hilo bila mashine yoyote.

Je, dawa za kulevya ndizo huharibu uamuzi, au udhaifu hutangulia? Ili kulijibu swali hilo, mwaka 2015 Marekani ilianzisha utafiti wa kufuatilia watoto wapatao 12,000 tangu wakiwa na umri wa miaka 9 na 10. Matokeo ya watoto 9,804 yalitolewa Desemba 2024. Walioonja pombe, tumbaku au bangi kabla ya kufika miaka 15 walikuwa na tofauti katika umbo la ubongo, na nyingi ya tofauti hizo zilionekana hata kwa waliopigwa picha kabla ya kuonja chochote.

Hata hivyo, hizo ni tofauti ndogo za wastani wa maelfu ya watoto. Hakuna daktari awezaye kutazama picha moja akatamka kwamba mtoto huyu atakuwa mlevi, wala polisi hana haki ya kumshuku mtoto kwa sababu baba yake ni mlevi. Malezi na wepesi wa kuipata pombe nao una sehemu yake.

Umri wa kuanza una uzito mkubwa. Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 1997 zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walipata kuwa watumwa wa pombe maishani. Kwa waliongoja hadi miaka 20 na zaidi, ilikuwa kama asilimia 10.

Kumtisha mtoto kwa miaka ya jela, basi, ni kumwonyesha faini ya karata ambayo bado haijafunuliwa. Aliyemuuzia pombe au kete ni mtu mzima, na hesabu zake anazijua vizuri.