Je, Wajua? Sumaku Ndogo, Bei ya Kuruka

Je, wajua kwamba sumaku ya neodimi yenye ukubwa wa sarafu inaweza kuinua chuma kilicho kizito kuliko yenyewe zaidi ya mara 1,000? Hebu jipime: wewe wa kilo 70 ubebe tani 70! Hao ni tembo zaidi ya kumi, ndugu yangu, tena madume.

Na je, wajua kwamba karibu theluthi mbili ya sumaku hiyo ni chuma kilekile cha kawaida? Neodimi ni kama gramu 30 katika kila gramu 100, na boroni gramu 1 tu. Lakini zile 30 ndizo zinazopandisha bei!

Wanaiita madini adimu, sivyo? Basi sikia: katika tabaka la juu la dunia, neodimi ni nyingi kuliko risasi zaidi ya mara mbili. Pesa inaliwa na kazi ya kuitenga na ndugu zake. Neodimi na praseodimi wanafanana kama Kulwa na Doto, hata wanakemia wakadhani ni kitu kimoja kuanzia 1841 hadi 1885. Miaka 44! Hata jina neodimi maana yake ni "pacha mpya", na hadi leo kuwatenganisha kunapita mamia ya hatua za asidi na vimiminika.

Itumbukize sumaku ya kawaida ya neodimi kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone. Ikizidi nyuzi 80 huanza kuishiwa, na ikipoa nguvu hazirudi zote. Ndiyo maana sumaku za injini za magari ya umeme hutiliwa disprosi kidogo, inayouzwa mara kadhaa ya bei ya neodimi. Jina lake kwa Kigiriki? "Ngumu kupatikana"!

Sasa mwone binamu yake, sumaku ya samari na kobalti. Huyu anafanya kazi kwenye nyuzi 300 bila kutetereka, wala kutu haimsumbui. Ila ni ghali, na ukimwangusha sakafuni anavunjika kama kikombe.

Sogea, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Je, wajua kwamba sumaku ya neodimi ina deni kwa Kolwezi, mji wa Kongo wanakozungumza Kiswahili? Vita vilipoingia huko Mei 1978, bei ya kobalti ikaruka duniani kote, na wataalamu wakahangaika kutafuta sumaku isiyohitaji kobalti. Mwaka 1983, Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, wakatangaza jibu lilelile kwenye mkutano uleule mjini Pittsburgh!

Umewahi kuona N35 au N52 kwenye maelezo ya sumaku? Namba ikipanda, nguvu inapanda na bei inaifuata. N52 ina nishati karibu mara moja na nusu ya N35.

Karibu 90 kati ya kila sumaku 100 za aina hii hutengenezwa China. Ilipobana mauzo ya nje mwaka 2010, bei zilipaa hadi viwanda vya Japani vikashika kichwa.

Na kwetu? Neodimi ipo Ngualla, mkoani Songwe. Miamba ya Gakara, Burundi, ni miongoni mwa yenye kiwango kikubwa kabisa cha madini haya duniani. Hata kilima cha Mrima kule Kwale kimeyaficha chini ya msitu wake.

Moja tu kabla hujainuka. Je, wajua kwamba sumaku hii huzaliwa haina nguvu? Husagwa unga laini kuliko wa ngano, mbali na hewa maana huwaka moto, ikashindiliwa, ikaokwa, ikachongwa kwa almasi, ikavikwa nikeli. Mwisho kabisa hupigwa mshtuko mmoja wa sumaku ya umeme, mfupi kuliko kupepesa jicho. Kabla ya hapo, haivuti hata pini!