Nukta nyekundu juu ya bunduki: jicho kwanza, bei nyuma

Katika filme, mwangaza mwekundu unatua kwenye kifua cha adui, na watu wengi wanadhani kila kifaa cha kulenga chenye nukta nyekundu kinafanya vile. Sivyo. Katika kifaa ambacho Aimpoint, kampuni ya Uswidi, ilianza kuuza mwaka 1975, taa ndogo ya ndani inapiga kwenye kioo, nacho kinarudisha nukta kwenye jicho la mwenye kulenga. Mnyama aliye mbele haoni kitu.

Katika inchi hiyo ya Uswidi, msimu wa kuwinda älg, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, unafunguliwa Septemba upande wa kaskazini na Oktoba upande wa kusini. Mara nyingi mbwa ndio wanamtafuta porini. Akipita mbio katikati ya miti, mwindaji ana sekunde chache tu. Kifaa hiki hakikuzi picha, kwa hiyo anaacha macho yote mawili wazi, anaweka nukta juu ya mnyama na kupiga.

Kwenye magazini, mnunuzi anaulizwa kwanza ukubwa wa nukta, ambao unapimwa kwa MOA. Nukta ya MOA 2 inafunika karibu sentimita 6 kwenye umbali wa mita 100; ya MOA 4 inafunika karibu 12. Kubwa inaonekana upesi, ndogo inafaa kwa mbali. Hapo wengi wanamalizia, wanatoa pesa na kwenda.

Shida inatokea nyumbani. Mtu anawasha kifaa na kuona nyota, koma, ao nukta mbili. Anakasirika, anakirudisha akisema ni kibovu. Lakini mara nyingi kasoro iko kwenye jicho lake: astigimatizimu, hali ya jicho ambalo mviringo wake wa mbele hauko sawasawa. Kuna watu wanaoishi nayo miaka bila kujua. Jaribio ni rahisi, na halina malipo: kuweka simu nyuma ya kifaa na kupiga picha. Nukta ikitoka duara kwenye picha, kifaa ni kizima. Kupunguza mwangaza kunasaidia, miwani ya daktari inasaidia zaidi. Wengine wanachagua kifaa cha prizima, ambacho alama yake imechorwa ndani ya kioo.

Batri nayo inahesabika. Aimpoint inasema Micro T-2 yake inawaka saa 50.000 kwa batri moja, zaidi ya miaka 5. Vingine vya bei ya chini vinazimika mapema, na kibaya zaidi, nukta yake inahama kidogo kidogo kila bunduki inaporuka.

Nukta iliyohama maana yake ni mnyama anayekimbia na risasi tumboni. Sheria ya Uswidi inadai kwamba katika uwindaji wa älg, mbwa aliyefundishwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa aweze kufika mahali pale ndani ya saa mbili. Ndiyo sababu mwindaji makini, akisha kufunga kifaa kipya, anakwenda kwanza kwenye uwanja wa shabaha, anapiga karatasi, anasahihisha, anapiga tena.