Stockholm: Chanjo ni bure, hofu ndiyo ghali

Na Mwandishi Wetu, Stockholm

Kutoka katikati ya Stockholm hadi Rinkeby na Tensta kwa treni ni safari isiyofika nusu saa. Lakini katika miaka ya 2010, wakati takribani watoto 97 kati ya kila 100 nchini Uswidi walikuwa wakipata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, katika vitongoji hivyo wanakoishi Wasomali wengi walioipata walikuwa karibu 70 tu.

Umaskini peke yake hauelezi jambo hili. Kliniki za watoto hazitozi senti, na wazazi hao hao waliwapeleka watoto kuchanjwa polio na pepopunda bila ubishi. Waliyoiogopa ni hii moja, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 18.

Jirani yangu, mama mzaliwa wa Barawa ambaye Kiswahili chake cha Chimwini hunichekesha kama changu kinavyomchekesha, aliniambia: "Kaka, nangoja mwanangu aseme kwanza."

Mtoto wa dada yake alikuwa ameanza kuita mama, kisha akanyamaza. Madaktari walisema ni usonji. Wasomali wengine waliuita ugonjwa wa Waswidi, kwani kwao hawakuwahi kuusikia. Na utafiti uliotolewa Stockholm mwaka 2008 ulikuta usonji kwa watoto wa Kisomali ukizidi ule wa watoto wengine zaidi ya mara tatu. Hofu yao basi haikutoka hewani. Uongo ulikuwa katika jibu waliloletewa, la daktari Andrew Wakefield wa Uingereza, aliyeihusisha chanjo na usonji mwaka 1998 kwa kuangalia watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida la Lancet liliifuta makala yake, naye akafutiwa usajili wa udaktari. Nchini Denmark watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, na matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha uhusiano wowote.

Kusini mwa Stockholm kuna Järna, wanakoishi wafuasi wa Rudolf Steiner, wengi wao wasomi. Nao huikwepa chanjo, na mwaka 2012 surua iliwazukia. Hao husemwa wana falsafa yao. Wa Rinkeby husemwa hawajaelimika!

Minnesota, Marekani, hofu hiyo hiyo ilizaa wagonjwa 75 wa surua mwaka 2017, wengi wao watoto wa Kisomali.

Jirani yangu ameshakata tiketi ya Mombasa kwa likizo, na huko surua bado ipo. Ameniomba nimsindikize kliniki wiki ijayo. Anataka muuguzi amjibu swali la mtoto wa dada yake kwanza, ndipo amfungue mwanawe mkono wa shati.